Kungoja Kilicho Bora

Tangu zamani mwanadamu amekuwa na taabu ya kuchagua kati ya vitu viwili vilivyo mbele ya macho yake. Taabu hiyo si kubwa sana, maana macho hupima, mkono hugusa, na mfuko hukata shauri. Taabu kubwa ni ile ya kuchagua kati ya kitu kilichopo na kitu kilichoahidiwa. Kilichopo kina kasoro zake zote juu ya uso wake. Kilichoahidiwa hakina kasoro hata moja, kwa kuwa hakijazaliwa. Wazee wa Kiswahili walilijua jambo hili walipomwonya mtu asiache mbacha wake kwa msala upitao. Lakini wao wao, ama jirani zao, walisema pia kwamba subira huvuta heri, na wengine wakawajibu kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Lugha iliyoweka akiba ya maneno yapinganayo namna hii haikukosa akili. Ilikiri kwamba swali la kungoja halina jibu moja kwa watu wote na kwa siku zote.

Ni mahali pachache ambapo swali hili limenolewa makali kama katika biashara ya kadi za michoro, zile ambazo wachezaji wa michezo ya kompyuta huzinunua kwa fedha nyingi na kuzizungumza kwa maneno mengi zaidi. Yamkini jambo lenyewe litaonekana dogo, la vijana na anasa zao, lisilostahili kuwashughulisha wanachuo. Dhana hiyo haina haki. Tamaa, subira, ahadi, udanganyifu na majuto ni mambo yale yale yakiwa katika ununuzi wa shamba au katika ununuzi wa kibao cha silikoni. Na huenda tabia ya mtu ikaonekana wazi zaidi katika namna anavyotumia dola mia tano alizozichuma mwenyewe kuliko katika maoni yake juu ya ulimwengu.

Kadi ya michoro hupachikwa ndani ya kompyuta, na kazi yake ni kuhesabu rangi ya kila nukta iliyo juu ya kioo. Kioo cha kawaida kina nukta 1,920 kwa upana na 1,080 kwa kimo, yaani nukta 2,073,600. Ili mchezo uonekane ukienda kwa ulaini, aghalabu picha nzima huchorwa upya mara 60 kwa sekunde. Basi kadi hutakiwa kutoa rangi za nukta zaidi ya milioni 124 katika kila sekunde, na kila rangi ni tunda la hesabu nyingi za nuru, kivuli na umbali. Kazi hii haifanywi na mwerevu mmoja. Hufanywa na maelfu ya vibarua wadogo wafanyao kazi kwa pamoja, kila mmoja na fungu lake. Kila mafundi wanapoweza kuzifanya transista kuwa ndogo zaidi, vibarua huongezeka katika kipande kile kile. Gordon Moore aliandika mwaka 1965 kwamba idadi ya sehemu katika kipande kimoja ilikuwa ikiongezeka maradufu kila mwaka, na mwaka 1975 akarekebisha hesabu yake ikawa kila miaka miwili. Mwendo huo umepungua na gharama za viwanda zimepanda, lakini umekwisha kuacha mazoea katika nyoyo za wanunuzi: mazoea ya kuamini kwamba kila kilicho kizuri leo kitakuwa duni mwakani, na tena kwa bei ile ile.

Wauzaji wakuu wamekuwa wawili kwa muda mrefu. Nvidia iliasisiwa California mwaka 1993. Mshindani wake, ATI, iliasisiwa Kanada mwaka 1985, nayo ikanunuliwa na AMD mwaka 2006 kwa kadiri ya dola bilioni 5.4. Wengine walikuwapo wakaenda zao. Kampuni ya 3dfx, iliyotukuzwa mwaka 1996 kwa kadi zake za Voodoo, ilishindwa, na mwishoni mwa mwaka 2000 ikakubali kuiuzia Nvidia mali zake. Intel iliingia uwanjani na kadi za Arc mwaka 2022. Lakini mashindano yaliyowafunza wachezaji kungoja ni ya wale wawili, kwa kuwa mmoja hatoi kizazi kipya pasipo mwenzake kuwa na chake karibu na mlango. Mnunuzi akisimama dukani huona bidhaa moja kwa macho na bidhaa mbili kwa masikio.

Mwenye kutetea kungoja ana ushahidi mzuri. Katika Juni ya mwaka 2008, Nvidia ilitoa kadi iitwayo GTX 280 kwa dola 649, na ndogo yake, GTX 260, kwa dola 399. Kabla mwezi haujaisha AMD ilitoa Radeon HD 4870 kwa dola 299, nayo iliweza kushindana na ile ya dola 399. Nvidia haikuwa na budi ila kushusha bei, na katika Julai ya mwaka uo huo GTX 280 ilikuwa dola 499. Mtu aliyeinunua siku ya kwanza alipoteza dola 150 kwa kukosa subira ya majuma machache. Hakudanganywa na mtu. Alipewa kile alichokilipia. Hata hivyo ni vigumu kumwambia kwamba hakupata hasara. Mambo ya namna hiyo yalitokea tena Julai 2019, Nvidia ilipotangulia na kadi zake za Super, na AMD ikapunguza bei ya RX 5700 XT kutoka dola 449 hadi dola 399 kabla haijauza hata moja. Katika miaka kama hiyo subira ilivuta heri kweli kweli, na heri yenyewe ilihesabika.

Kisha ukaja mwaka 2020. Tarehe 1 Septemba Nvidia ilitangaza kizazi kipya: RTX 3080 kwa dola 699, na RTX 3070 kwa dola 499, ambayo ilisemwa kuwa ingelingana na RTX 2080 Ti, kadi ya mwaka 2018 iliyouzwa kwa dola 999 na zaidi. Wenye 2080 Ti walifadhaika. Wako walioziuza mbio mbio kwa nusu ya bei au karibu na hapo, wakihofu kwamba kila siku ipitayo ingewapunguzia thamani ya mali yao. Na kwa hesabu ya wakati ule walikuwa na haki. RTX 3080 ilipotoka tarehe 17 Septemba ilikwisha madukani katika muda wa dakika chache. Baadhi ya wanunuzi hawakuwa watu bali programu zilizowekwa na walanguzi. Wale waliosema kwamba wangengoja kadi za AMD walingoja hadi tarehe 18 Novemba, na RX 6800 XT ya dola 649 ikatoweka vivyo hivyo. Ugonjwa wa dunia nzima ulikuwa umewafungia watu majumbani, viwanda havikutosha, na juu ya hayo wachimbaji wa fedha za kompyuta iitwayo Ethereum walizinunua kadi kwa wingi, kwa kuwa vibarua wale wale wanaochora nukta wanaweza pia kukokotoa hesabu za fedha hiyo. Katika mwaka 2021 kadi ya dola 699 iliuzwa mikononi mwa walanguzi kwa zaidi ya mara mbili ya bei yake. Hali haikutengenea vizuri hadi mwaka 2022, ambapo bei ya fedha zile iliporomoka, na Ethereum yenyewe ikaacha uchimbaji wa namna hiyo tarehe 15 Septemba. Aliyeuza kadi yake Septemba 2020 ili angoje iliyo bora alikuwa ameuza mbacha, na msala ulipita juu ya kichwa chake.

Hapa ndipo swali la maadili linapoanza. Mtu aliyengoja mwaka 2008 na mtu aliyengoja mwaka 2020 walifanya tendo moja, kwa fikira moja, kwa habari zilizolingana kwa kila njia ambayo wao wangeweza kuijua. Mmoja aliitwa mwenye busara na mwingine aliitwa mpumbavu. Ikiwa busara ni sifa ya mtu, haiwezi kutegemea ugonjwa uliozuka mbali wala bei ya fedha ambayo hakuitafuta. Ikiwa yategemea mambo hayo, basi si busara, ni bahati iliyovaa joho la busara. Watu wengi hawapendi kulikubali neno hili, kwa sababu mwenye bahati hupenda kusifiwa na mwenye nuksi hupenda kujilaumu. Lawama humpa angalau fahari ya kudhani kwamba mambo yalikuwa mkononi mwake. Basi uchaguzi hauna budi kuhukumiwa kwa kile kilichokuwa ndani ya uwezo wa mchaguzi siku ile alipochagua. Na kilichokuwa ndani ya uwezo wake si bei ya kesho, ni kujua haja yake ya leo.

Jean Buridan, mwalimu wa Paris wa karne ya 14, amefungamanishwa na kisa cha punda aliyekufa njaa kati ya mafungu mawili ya majani yaliyolingana, ingawa kisa hicho hakimo katika maandiko yake. Mchezaji anayengoja kadi si punda yule. Punda yule aliyaona mafungu yote mawili. Huyu analo fungu moja mbele ya mdomo, na ameambiwa kwamba jingine, lenye majani mabichi zaidi, linapakiwa katika gari; na gari lile likifika ataambiwa habari ya gari la pili. Hoja ya kungoja ina ila hii kubwa, kwamba nguvu yake haipungui kamwe. Ikiwa ni haki kungoja leo kwa kuwa kilicho bora kinakuja, itakuwa ni haki kungoja siku kile kitakapofika, maana siku hiyo kingine kitakuwa kinakuja. Hoja inayomkataza mtu kununua siku zote haikumfundisha lolote juu ya siku hii.

Herbert Simon, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1978, alikuwa ameeleza tangu mwaka 1956 kwamba kiumbe mwenye akili yenye mipaka hatafuti kilicho bora kupita vyote. Hujiwekea kiwango cha kumtosha na kukichukua cha kwanza kinachokifikia. Shauri hili lafaa sana, na laonekana kumwokoa mchezaji wetu. Lakini nani huweka kiwango? Hapo pana matata. Denis Diderot wa Ufaransa aliandika mwaka 1769 insha ya kujutia kuachana na joho lake kuukuu la nyumbani. Alipopata joho jipya la fahari aliona kwamba kiti chake, meza yake na picha zake za ukutani vimekuwa vibaya, akavibadili kimoja kimoja hata chumba chake kikawa kigeni kwake. Mwenye kadi mpya huijua njia hiyo. Kadi hutaka umeme mwingi zaidi, basi kifaa cha kugawa umeme hubadilishwa. RTX 4090 ya mwaka 2022 ilihitaji wati 450, na RTX 5090 ya mwaka 2025 wati 575. Kisha kioo cha zamani huonekana ni jela ya nguvu iliyonunuliwa, na kioo kipya cha nukta 3,840 kwa 2,160 huletwa. Kioo hicho kina nukta mara nne ya kile cha kwanza, na kadi ambayo jana ilikuwa na nguvu za kumwaga leo inatweta. Kutosha kumehamishwa, na aliyekuhamisha ni mnunuzi mwenyewe kwa mkono wake.

Kwa sababu hii kiwango kinachopimwa kwa kadi hakiwezi kusimama; kadi mpya siku zote itaipita kadi kuukuu, kama ilivyo kazi yake. Kiwango kinachosimama ni kile kinachopimwa kwa mchezo. Mtu aweza kuutaja mchezo anaoutaka, akataja kioo alicho nacho, akasema ni jambo gani hasa linalomsumbua: picha zinakwama, au kumbukumbu ya kadi imejaa, au programu ya mchezo inaikataa kadi yake kabisa. Akiweza kulisema jambo hilo kwa sentensi moja, ana haja. Akiwa hana la kusema ila kwamba nyingine imetoka na ni bora, hana haja, ana habari tu.

Haja ikiwapo, kungoja kuna gharama ambayo aghalabu haitiwi hesabuni. Dola 150 zilizopotea mwaka 2008 ziliweza kupatikana tena kwa kazi. Muda hauko hivyo. Kijana wa miaka kumi na saba ana ndugu na wenzake wa kucheza nao jioni, na mwaka ujao mmoja atakuwa chuoni, mwingine kazini, mwingine ameoa. Mchezo ni jambo la watu kabla haujawa jambo la nukta. Akingoja mwaka mzima ili apate picha nzuri zaidi kwa bei nafuu zaidi, huenda akazipata, na akazitazama peke yake. Kinyume chake, mtu ambaye kadi yake inafanya kazi na wenzake wako naye halipi chochote kwa kungoja. Kwake subira si hata fadhila, ni kukaa tu alipo. Watu hao wawili hupewa shauri moja kila siku, kana kwamba hali zao ni moja. Tena shauri hilo hutolewa kwa bei za Marekani. Bei ile ile ikifika Nairobi au Dar es Salaam imekwisha kubeba nauli, ushuru na faida ya mchuuzi, na mteremko wa dola hamsini uliotangazwa California waweza usionekane kabisa katika duka la huku.

Yafaa pia kutofautisha kungoja kwenye tarehe na kungoja kusiko na tarehe. Ikiwa kampuni imekwisha kutaja siku na bei, na siku yenyewe i karibu, kuzuia mkono majuma mawili ni adabu ya kawaida ya sokoni, kama ya mtu asiyenunua samaki hali ngalawa zinaonekana zikiingia. Lakini kungoja uvumi ni kumkabidhi mtu mwingine siku zako bila ya yeye kuziomba.

Na huyo mtu mwingine, yaani mwuzaji, naye ana hesabu yake ya haki. Kutangaza kabla ya wakati ni silaha ya pande mbili. Kampuni ya Adam Osborne, iliyouza tangu mwaka 1981 kompyuta ya kubebeka kwa dola 1,795, ilifilisika Septemba 1983, na kisa kilichoenea ni kwamba Osborne aliwasifia watu mashine yake ijayo mapema mno, wakaacha kuinunua iliyopo. Wako waandishi wanaosema kuwa kampuni ile ilikuwa na maradhi mengine pia. Lakini wafanyabiashara walijifunza somo: usiisifu bidhaa yako ijayo ilhali unayo ya kuuza. Walijifunza na somo la pili, lenye werevu zaidi: isifu bidhaa yako ijayo hali mwenzako ndiye mwenye ya kuuza. Ahadi ya namna hiyo haikusudii kumpa mnunuzi kitu. Yakusudia kumnyima mshindani mauzo, na mnunuzi ni uzio tu uliowekwa njiani.

Mfano ulionekana Januari 2025. Jensen Huang, mkuu wa Nvidia, alisema mbele ya watu huko Las Vegas kwamba RTX 5070 ya dola 549 ingetoa nguvu za RTX 4090, kadi iliyotoka kwa dola 1,599. Neno hilo lilitegemea ufundi ambao kwao kadi huchora picha moja kwa hesabu kamili, kisha hubuni hadi picha tatu za kuifuatia kwa kukisia. Hesabu ya picha kwa sekunde huongezeka. Lakini mkono wa mchezaji huitikiwa na picha zilizohesabiwa tu, na zile za kubuni ni za kulidanganya jicho. Kadi ilipofika Machi na kupimwa bila ufundi huo, ilikuwa nyuma sana ya 4090. AMD kwa upande wake ilikuwa na RX 9070 XT tayari, ikaahirisha kuiuza hadi tarehe 6 Machi, ikataja dola 599, na wengi walikuta bei ya dukani imeipita ile iliyotajwa. Kusema kwamba kampuni ya kwanza ilisema uongo ni kukaza kamba mno. Kusema kwamba ilisema kweli ni kulegeza mno. Ilisema neno ambalo lina maana moja kwa fundi na maana nyingine kwa kijana mwenye akiba ya dola 549, hali ikijua ni yupi anayesikiliza. Mwenye mizani sokoni akifanya hivyo huitwa kwa jina lake, na haionekani kwa nini mwenye kiwanda apewe jina jingine.

Katikati ya makelele haya yote kulikuwa na watu wasiosikika. Kadi ya GTX 1060 ilitoka Julai 2016, na ile yenye gigabaiti 6 iliuzwa kwa dola 249. Haikuwa bora kupita zote hata siku ile ilipozaliwa. Vizazi viwili vikatangazwa baada yake, vya mwaka 2018 na mwaka 2020, pamoja na majibu ya mshindani na mapunguzo ya bei na malanguzi na machozi yaliyokwisha kuelezwa. Katika hesabu ambazo duka la michezo la Steam hufanya juu ya kompyuta za wateja wake, mwaka 2021 GTX 1060 ilikuwa ingali ndiyo kadi inayotumiwa na wachezaji wengi kuliko nyingine yoyote.